Historia ya Mhusika: Anza na Jana, Usianze na Kuzaliwa

Watu wengi wakikaa kuandika historia ya mhusika wao kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wa mezani, ule ambao kila mchezaji humwigiza mtu mmoja wa kubuni kwa maneno na dadu huamua matokeo, huanzia alipozaliwa. Mama nani, baba nani, kijiji gani, radi zilipiga vipi usiku ule. Kufika ukurasa wa tatu mtoto ana miaka saba na mwandishi keshachoka, basi miaka ishirini yote iliyobaki inamezwa na sentensi moja: "Akakua, akajifunza upanga, akaondoka kutafuta maisha." Mimi ni yule anayekaa upande wa pili wa meza, kiongozi wa mchezo, anayesimulia ulimwengu na kuwaigiza watu wengine wote, na kurasa hizo huzisoma nikitafuta kitu cha kushika. Radi haishikiki. Nikimaliza kusoma najua mengi kuhusu mtoto ambaye hatutakutana naye kamwe, na sijui chochote kuhusu mtu mzima atakayeingia mlangoni Jumamosi akiwa na upanga.

Kwa hiyo mchezaji akiniomba ushauri, humwambia aanze na jana. Jana ya mhusika, siku moja kabla ya kikao cha kwanza. Jana alilala wapi? Alikuwa anafanya kazi gani? Nani alimgongea mlango? Na kimetokea nini hata leo asiweze kuamka na kuendelea na maisha yaleyale? Ukishaijua jana, rudi nyuma hatua moja moja, kila hatua ukijiuliza, "Ilikuwaje hata ikawa hivi?" Majibu yakifika mahali ambapo hayamfai tena mtu yeyote mezani, simama. Kama hukufika utotoni, utoto utasubiri.

Nichukue mfano mmoja na niende nao mpaka mwisho, maana ushauri wa jumla jumla katika jambo hili hausaidii.

Mhusika ni Seluwa, mwandishi wa barua katika mji wa bandari. Anawaandikia na kuwasomea watu wasiojua kusoma. Kwenye karatasi yake ya mhusika, ile ya namba na ujuzi wake, fani ni mwizi, na ujuzi wake mkubwa ni kughushi maandishi. Jana alikunja meza yake kabla ya saa sita, akatia kalamu na wino mkobani, akatafuta msafara wowote unaoondoka mjini.

Ilikuwaje? Asubuhi ile alimwona Dago sokoni, mzima wa afya.

Dago ni nani? Ni mume wa Mihra. Miaka minne iliyopita Mihra alileta barua iliyotoka vitani ili Seluwa amsomee. Dago alikuwa amesema ameoa huko aliko, harudi, na Mihra afanye atakavyo. Mihra alikuwa mjamzito, amesimama, amekataa kiti. Seluwa akaitazama karatasi, akasoma: "Nitarudi. Nisubiri."

Halafu? Mihra akalipa aandikiwe majibu. Seluwa akayaandika na hakutuma hata moja. Mihra alipoanza kulia kwamba hajibiwi, Seluwa akaanza kuandika barua za Dago yeye mwenyewe, kwa mwandiko wa Dago, na kumsomea. Majibu yote ya Mihra yamo mkobani. Kila akitaka kuyachoma anashindwa.

Nasimama hapo. Baba yake Seluwa alikuwa nani sijui, na kwa sasa sihitaji kujua.

Sasa hesabu nimempa kiongozi nini. Mwanamke aliye hai anayesubiri. Mtoto wa miaka mitatu na ushei. Mwanamume aliyerudi, ambaye mkewe atamwambia, "Barua zako zilinitia moyo," naye ataduwaa: barua zipi? Mkoba ambao mtu anaweza kuuiba, kuudondosha mtoni au kuufungua bila ruhusa. Ujuzi wa kughushi ulioandikwa kwenye karatasi umepata sababu ya kuwepo, haukuchaguliwa kwa kuwa namba zake ni nzuri. Na yote hayo hayafiki hata nusu ukurasa.

Linganisha na historia ninayoletewa mara nyingi kuliko nyingine zote: wazazi wamekufa, kijiji kimechomwa moto na majambazi, mhusika anatafuta kisasi. Sina ugomvi na yatima. Tatizo ni kwamba kila aliyetajwa ni maiti, na maiti hawabishi hodi, hawakopi, hawaumwi, hawadanganyi. Waliobaki ni majambazi, na hao wana kazi moja tu ya kufanya: kuja kupigwa. Tukishawapiga, historia ya mhusika imekwisha, na bado tuna miezi ya kucheza. Kama lazima kijiji kiungue, basi aokoke hata mmoja, na awe ni mtu mwenye neno na mhusika wako: dada anayemlaumu, jirani aliyefungua geti.

Hivi ndivyo ningeitumia historia ya Seluwa. Kikao cha tatu, kundi limefika kwenye nyumba ya wageni, kila mtu anafikiria pango la kesho. Mtoto wa mwenye nyumba anakuja na karatasi iliyokunjwa: "Mjomba, wamesema wewe unajua kusoma. Mama anaomba umsomee hii." Ndani kuna habari mbaya. Basi. Sina jini wala mtego, ila mchezaji wa Seluwa atanyamaza, na mezani watamtazama atasoma nini. Tukio hilo halinigharimu maandalizi yoyote, na nimelipata kwa sababu yeye alinipa barua badala ya radi.

Hapa nigusie sheria za michezo yenyewe, kwa kuwa nyingi zimeshafanya sehemu ya kazi hii na wachezaji huziruka. Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974 mhusika alikuwa na namba sita za uwezo, fani, na vifaa alivyonunua; historia yake ilikuwa ni yale yatakayompata mchezoni. Traveller ya mwaka 1977 ikageuza mambo: unarusha dadu kupitia utumishi wa mhusika, miaka minne kila kipindi, na dadu zikikukataa anaweza kufa kabla mchezo haujaanza. Watu hucheka wakiisikia sheria hiyo, lakini aliyevuka vipindi vitano hivyo anafika mezani akiwa na umri, cheo, na sababu ya kuchoka. Cyberpunk 2020, iliyotoka mwaka 1990, nayo ina majedwali ya kurushia dadu ndugu zako, maadui zako na mapenzi yako yaliyovunjika. Kama huna wazo lolote kichwani, azima majedwali ya namna hiyo hata kama unacheza mchezo mwingine. Rusha, kisha jiulize kwa nini.

Toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, lilikutaka uandike tabia mbili, jambo moja unaloliamini, kifungo kimoja (mtu, mahali au kitu kinachomshika moyo) na dosari moja. Sheria mpya za mwaka 2024 zimeviacha vipengele hivyo. Sasa asili ya mhusika inampa alama za uwezo, ujuzi na kipaji. Kwa kuhesabu ni safi zaidi. Kwangu mimi wamepoteza kitu, na wachezaji wangu bado nawaandikisha kifungo na dosari pembeni ya karatasi. Ninaoupenda kuliko yote ni utaratibu wa Call of Cthulhu toleo la saba: unaorodhesha watu wako, mahali pako, vitu unavyovithamini, kisha unachagua kimoja kiwe nguzo. Kiongozi haruhusiwi kukiharibu hicho bila kukupa nafasi ya kurusha dadu kukiokoa. Umemwambia waziwazi, "Hiki ndicho kinaniuma," naye amekubali kutokigusa kienyeji. Hata kama mchezo wenu hauna sheria hiyo, mnaweza kukubaliana hivyo kwa mdomo.

Kuhusu dosari, iandike kama kitendo. "Ana hasira" haisemi kitu, maana kila mtu ana hasira. Andika kwa muundo wa akiona hiki, atafanya hiki. Seluwa: akiona mtu anakaribia kulia, atasema uongo. Sasa mchezaji anajua la kufanya bila kuwaza, na mimi najua pa kumbana. Dosari nzuri inamtia mhusika matatani kwa mkono wake mwenyewe. Kovu, jinamizi la usiku na kumbukumbu ya mwalimu aliyeuawa ni mambo yaliyompata. Hayo ni majeraha, hayajawa dosari mpaka yamfanye atende kitu.

Haja yake nayo iwe ya karibu. "Anataka kuleta amani ulimwenguni" haitatufikisha popote kabla ya kikao cha arobaini. Seluwa anataka kufika mji mkuu, apate kazi ya ukarani kwa jina jingine, kabla Dago hajaulizia mwandishi wa barua ameelekea wapi. Jambo hilo linaweza kufaulu au kuharibika ndani ya vikao vichache, na likiharibika linazaa jingine.

Kisha kuna swali ambalo wachezaji wengi hawapendi kuulizwa: kwa nini mtu huyu hataliacha kundi? Nimeshapokea wapiganaji wapweke wa kila aina, wanaokaa kona ya giza na kofia imefunika uso, wasioamini mtu. Sawa. Sasa wenzako wanne wamepewa kazi ya kwenda mlimani. Wewe unaenda kwa lipi? Asipokuwa na jibu, kila kikao kitaanza kwa wenzake kumbembeleza, na hilo linachosha haraka sana. Jibu liandikwe kwenye historia yenyewe. Seluwa hawezi kusafiri peke yake, hajui kupigana, na ndani ya kundi kuna mtu anayejua sehemu ya siri yake.

Mtu huyo hakutoka hewani, wala mwenye Seluwa hakujiamulia tu. Alimgeukia jirani yake mezani, anayecheza mpiganaji aitwaye Kantu, akamuuliza: "Kantu aliwahi kuwa vitani?" Jirani akasema ndiyo. "Angeweza kuwa alibeba barua za wenzake?" Jirani akafikiri, akasema: "Alibeba. Na ile ya Dago aliiandika yeye, kwa sababu Dago alikuwa ameumia mkono."

Angalia kilichotokea. Kantu anayajua maneno halisi ya barua ile, hajui yalivyosomwa. Seluwa anajua yalivyosomwa, hajui kwamba aliyeyaandika analala hema moja naye. Na kuna ziada ambayo hakuna aliyeipanga: mwandiko ambao Seluwa ameuiga miaka yote minne akidhani ni wa Dago ni mwandiko wa Kantu. Siku Kantu atakapoiona moja ya barua zile za kughushi, ataona mkono wake mwenyewe. Jambo kama hilo huwezi kulitunga peke yako chumbani.

Sharti ni moja: uliza, usitangaze. Kuandika "Kantu ni kaka yangu na ananidai maisha" bila kumuuliza mwenye Kantu ni kumpora mtu mhusika wake. Michezo inayotumia mfumo wa Fate hufanya hivi rasmi: kila mmoja anaandika kisa kifupi cha mhusika wake, kisha karatasi zinapitishwa, na wenzake wawili wanaongeza namna wahusika wao walivyohusika. Fanyeni katika kikao sifuri, kile mnachokaa kupanga kabla ya kuanza kucheza. Hapohapo semeni ni mambo gani hamtaki yaingie mezani kabisa. Kuna mtu hataki kusikia habari za watoto kuumizwa, na hana deni la kueleza kwa nini. Yajue hayo kabla hujaandika, usije ukaandika historia nzuri ambayo mwenzako hawezi kukaa nayo.

Kosa jingine la kawaida ni kuandika historia kubwa kuliko namba. Mchezaji ananiletea mchawi wa ngazi ya kwanza, yaani anayeanza tu, aliyewahi kuangusha ngome na kuliua joka. Katika sheria za mwaka 2014 mchawi huyo anaanza na pointi 6 za uhai na nyongeza ndogo ya uimara wa mwili, wakati pigo moja la goblini ni dadu ya pande 6 ukiongeza 2. Shujaa wa ngome atalazwa chini na kitu kinachomfika kiunoni, na sote tutaona aibu. Makuu yaache mbele. Ndiyo sababu tunacheza. Nyuma weka mambo ya ukubwa wa Seluwa: uongo mmoja, deni moja, safari moja iliyoharibika. Ukitaka lazima mhusika aliyewahi kuwa mkubwa, eleza alivyopoteza ukubwa huo, na hasara hiyo ionekane kwenye karatasi.

Umri nao uangaliwe. Katika sheria hizohizo za 2014, elfu (elf kwa Kiingereza), wale viumbe wenye masikio yaliyochongoka, huhesabiwa mtu mzima akikaribia miaka 100 na huweza kufika 750. Ukiniletea elfu wa miaka 180 wa ngazi ya kwanza, nitakuuliza hiyo miaka 80 ya utu uzima alikuwa anafanya nini. Jibu linaweza kuwa zuri sana, pengine alikuwa anahudumia bustani moja tu. Ila liwepo. Na hesabu zako zikubaliane: barua ya miaka minne iliyopita, mtoto wa miaka mitatu na ushei, hapo tuko sawa.

Sura na mavazi, sentensi mbili zinatosha. Rangi ya macho haijawahi kunisaidia. Nipe kitu kinachoonekana mtu akifanya kazi: wino usiotoka kwenye kidole cha shahada, tabia ya kusoma mabango kwa sauti ya chini. Jina liwe rahisi kutamkwa na watu wengine, maana ni wao watakaolipigia kelele katikati ya mapigano.

Kisha acha mapengo, na uyaonyeshe. Mwishoni mwa ukurasa andika mambo mawili matatu usiyoyajua wewe mwenyewe. Kwenye ukurasa wa Seluwa yamo haya: sijui kwa nini Dago amerudi, sijui kama Mihra aliwahi kushuku, kuna barua moja mkobani ambayo sikumbuki kuiandika. Hilo la mwisho ni zawadi kwa kiongozi, na ukimpa zawadi ya namna hiyo usije ukamuuliza kila wiki imefikia wapi. Pengo ambalo hukulitaja kiongozi anaweza kuogopa kulijaza, akidhani una jibu lako. Ulilolitaja ni ruhusa.

Ukurasa mmoja unatosha kwa yote haya. Ukivuka, kata kuanzia zamani kuja mbele, utoto uwe wa kwanza kuondoka. Watu waliotajwa wawekwe pembeni kwa majina, kila mmoja na neno moja la uhusiano na mahali anapopatikana leo, kwa sababu katikati ya kikao sina muda wa kusoma aya. Natupa jicho naona "Mihra, anasubiri, nyumba ya tatu kutoka gatini" na naendelea. Halafu tenga matoleo mawili. Kwa wenzako soma mistari mitatu ya yale ambayo yeyote angeyajua akikutana na mhusika wako njiani: ni mwandishi, ana haraka, hauachii mkoba wake. Yaliyobaki mtumie kiongozi peke yake. Kundi likipenda siri ziwe wazi kwa wachezaji na zifichwe kwa wahusika tu, hiyo pia inafanya kazi, na kwa kundi linalopenda kuigiza mimi naiona bora, kwa sababu mwenye Kantu atajua wakati gani wa kuomba aonyeshwe barua.

Baada ya hapo usisubiri kiongozi akuletee historia yako kwenye sahani. Ana wahusika watano wa kuwakumbuka, na pango la kuchora. Ivute wewe mwenyewe, kidogo kidogo, kwa vitendo. Mkifika mji wowote, wengine wakiulizia silaha na chakula, sema: "Seluwa anaenda kuuliza kama kuna mtu anamtafuta." Mkipumzika porini, sema anaupanga upya mkoba wake, mgongo akiwapa wenzake. Kila baada ya vikao vichache ongeza mstari mmoja kwenye ukurasa, na futa uliokwisha kazi yake. Na ukiona kiongozi ameshika kalamu wakati unaongea, punguza mwendo aandike.